Sahani Zilizochezwa Hadi Zikaisha

Mwezi Machi 1928 mwimbaji Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay pamoja na kundi lake, wakiwemo Maalim Shaaban, Subeit Ambar na Mbaruk Talsam, kwenda kurekodi taarabu kwa kampuni ya HMV. Santuri zilizotokana na safari hiyo, na nyingine zilizofuata, ziliuzwa kwa makumi ya maelfu katika muda wa miaka michache tu. Hazikuwa bidhaa ya wachache. Hata hivyo, mtu anayetaka leo sahani moja ya Siti iliyo nzima, isiyo na ufa, ambayo sauti yake bado inashinda mkwaruzo wa sindano, anaweza kutafuta miaka mingi na asiipate.

Jambo hili huwatatiza wanaoanza kukusanya santuri, kwa kuwa wengi hudhani uadimu hupimwa kwa umri. Umri peke yake hausemi kitu. Ziko sahani za Enrico Caruso, mwimbaji wa opera aliyefariki mwaka 1921, zinazouzwa kwa fedha kidogo sana, kwani zilitengenezwa kwa wingi na walionazo wakazitunza kabatini. Linaloamua ni nakala ngapi zimebaki, zimebaki katika hali gani, na nani anazitafuta. Kwa santuri za Kiswahili naamini swali la kwanza lisiwe kiwanda kilitoa ngapi. Tuulize kwanza sahani iliishi vipi baada ya kununuliwa.

Santuri ya mizunguko 78 kwa dakika haikuwa ya plastiki. Ilitengenezwa kwa shelaki, utomvu wa wadudu wadogo wanaofugwa juu ya miti huko India, ukachanganywa na unga wa mawe ili sahani iwe ngumu. Ugumu huo ndio udhaifu wake: ikianguka sakafuni, imekwisha. Gramafoni nayo haikuwa na huruma. Sindano yake ilikuwa ya chuma na ilitakiwa kubadilishwa kila upande mmoja wa sahani unapomalizika, yaani kila baada ya dakika tatu hivi. Sindano zilinunuliwa kwa fedha, na mwenye gramafoni aliyekuwa nazo chache aliitumia moja mpaka ikawa butu. Sindano butu hukwangua kuta za mfereji wa sauti, na sauti ikishakwanguliwa hairudi. Zaidi ya hayo, santuri za Siti hazikusikilizwa na mtu mmoja chumbani. Zilipigwa kwenye mikahawa na vibarazani, watu wamejaa, wimbo mmoja ukirudiwa na kurudiwa kwa sababu ndani yake mlikuwa na habari za mjini: kesi za mahakamani, maonevu, vituko vya wakubwa. Santuri iliyopendwa zaidi ndiyo iliyoharibika mapema zaidi. Iliyobaki safi, mara nyingi, ni ile ambayo haikuwagusa sana wasikilizaji wa siku zile.

Mafanikio ya HMV yaliamsha kampuni nyingine. Ilipofika 1930 Columbia, Odeon na Pathé nazo zilikuwa zinarekodi waimbaji wa Afrika Mashariki. Zilichelewa. Mdororo wa uchumi wa dunia ulikuwa umekwisha anza, bei za mazao zikaporomoka, na watu wakaacha kununua santuri. Kwa hiyo sahani za wakati huo zina uadimu wa namna nyingine kabisa: hazikuchakaa kwa kupendwa, zilikosa mnunuzi tangu mwanzo.

Miaka hiyo hiyo, katika mji mdogo wa Grafton, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, yalitokea mambo yanayofanana na haya kwa karibu. Kampuni ya santuri ya Paramount, iliyomilikiwa na watengenezaji wa viti, ilirekodi wanamuziki Weusi wa bluzi kutoka kusini, akina Charley Patton, Son House na Tommy Johnson, wakati wateja wake walikuwa hawana tena hata senti ya kununulia chakula. Sahani za mwisho za Paramount zilitoka kwa idadi ndogo mno. Mwaka 1941 Marekani iliingia Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka uliofuata serikali yake ikapunguza kwa asilimia 70 shelaki iliyoruhusiwa kutengenezea santuri. Sahani kuukuu zikakusanywa na kusagwa ili zitengenezwe mpya. Mwaka 2013 sahani ya Tommy Johnson, “Alcohol and Jake Blues”, ilinunuliwa mnadani kwa dola 37,100. Nakala zinazojulikana ni mbili tu. Tena iko sahani ya Willie Brown, Paramount namba 13099, ambayo imetajwa kwenye orodha za kampuni lakini hakuna nakala yake hata moja iliyowahi kuonekana. Huo ndio uadimu uliofika mwisho wake: namba ipo, jina la wimbo lipo, sauti haipo.

Wamarekani wanajua kwamba sahani ile imepotea kwa sababu orodha ya Paramount imetafitiwa namba kwa namba. Sisi hatuna orodha kamili ya namna hiyo kwa sehemu kubwa ya santuri zetu. Huwezi kujua kilichopotea kama hukuwahi kuandika kilichokuwepo, na kwangu hilo ni pengo kubwa kuliko bei yoyote ya mnadani.

Baada ya vita hivyo kazi ya kutengeneza santuri za Afrika Mashariki ilihamia Nairobi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kiwanda cha kuchapa santuri kilianzishwa huko, na lebo ya Jambo ikaanza kutoa muziki wa wenyeji bila kusubiri meli kutoka ng'ambo. Mombasa, duka la Assanand na Wanawe lilitoa lebo ya Mzuri, ambayo kwa maoni yangu ndiyo hazina kubwa kuliko zote za muziki wa pwani: taarabu ya akina Zuhura Swaleh, Zein l'Abdin na Matano Juma, na pia bendi ya Cuban Marimba ya Morogoro chini ya Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965. Shelaki ikaipisha plastiki ya vinili, na sahani ndogo ya mizunguko 45 ikawa ndiyo santuri ya kila mtu.

Vinili haivunjiki ovyo, lakini sahani ndogo ilikuwa na maadui wake. Ilitoka kiwandani ndani ya bahasha nyembamba ya karatasi, mara nyingi yenye jina la kampuni tu, na bahasha hiyo ilichanika na kutupwa. Sahani ikabaki uchi, ikipangwa juu ya wenzake, vumbi likisaga kati yao. Nyingine zilikwenda baa, kwenye mashine za kupiga muziki kwa sarafu, zikazunguka usiku kucha. Ndiyo maana sahani ya mpiga gita Mbaraka Mwinshehe na bendi ya Super Volcano kama “Shida” si adimu kwa maana ya kutopatikana. Ukiitafuta utaipata. Utakayoipata, hata hivyo, huenda imekwaruzwa kiasi kwamba gita linasikika kwa mbali, kama mtu anayezungumza mvua ikinyesha juu ya bati. Nakala safi ya toleo la kwanza ni jambo jingine. Baada ya Mbaraka kufariki kwa ajali ya gari huko Mombasa, Januari 1979, nyimbo zake zilikusanywa katika mfululizo wa santuri kubwa ulioitwa Ukumbusho. Nazithamini santuri hizo, kwa kuwa ndizo zilizomfikisha kwa kizazi kilichofuata. Mkusanyaji lakini huzitofautisha na sahani ndogo za mwanzo.

Kuhusu Tanzania kuna jambo ambalo wageni wengi hawalifahamu. Bendi za Dar es Salaam, Tanga na Morogoro zilikuwa na studio, nayo ilikuwa ya Radio Tanzania. Kiwanda cha kuchapa santuri hazikuwa nacho. Nyimbo zilirekodiwa kwenye tepu, zikarushwa hewani, zikajulikana nchi nzima, na ili ziwe sahani ilibidi zipitie Nairobi. Nyingi hazikupitia. Kisha Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na haukufunguliwa hadi 1983. Wapo wakusanyaji wanaohangaika kuutafuta wimbo fulani wa zilipendwa kwenye santuri, wakidhani ni adimu sana, kumbe haukuwahi kuchapwa kamwe. Nakala yake ni tepu ya redio.

Mfano wa sahani iliyokuwa chache tangu kuzaliwa ni Ave Africa ya Sunburst, bendi ya Dar es Salaam iliyochanganya roki, soul na midundo ya nyumbani. Ilitoka mwaka 1976, ikiwa albamu pekee ya bendi hiyo. Kwa miaka mingi nakala yake ilizungumzwa zaidi kuliko ilivyoonekana, mpaka mwaka 2016 kampuni ya Strut ya London ilipoitoa upya pamoja na rekodi zao nyingine tangu 1973.

Hapo ndipo linapoingia suala la nani anatafuta. Sahani inaweza kuwa na nakala tatu tu duniani na isiwe na bei, kama hakuna anayeitaka. Mwaka 2009 sahani ya mwimbaji wa soul Frank Wilson ya 1965, “Do I Love You (Indeed I Do)”, iliuzwa kwa pauni 25,742. Ilikuwa imesimamishwa kabla ya kuingia madukani, zikaponea nakala chache mno. Hata hivyo kilichoipandisha bei ni vijana wa kaskazini mwa Uingereza waliokuwa wakicheza muziki wa soul usiku kucha, na madijei wao walioshindana kupiga wimbo ambao mwenzao hana. Bila wachezaji hao ingekuwa sahani ya kawaida isiyojulikana.

Muziki wetu nao umepata watafutaji wake, wengi wao kutoka Ulaya, Marekani na Japani. Naona faida na hasara. Bila John Storm Roberts kutoa mkusanyiko wa nyimbo “Songs the Swahili Sing” mwaka 1983, na bila Werner Graebner kuanzisha mfululizo wa albamu za Zanzibara mwaka 2005, sehemu kubwa ya sauti za Mombasa na Dar es Salaam ingebaki kwenye kumbukumbu za wazee peke yake. Nairobi, Ketebul Music wamefanya kazi ya thamani kwa benga na muziki mwingine wa Kenya. Lakini sahani zenyewe zinaondoka. Zinanunuliwa kwa mafungu kutoka kwenye maduka yaliyofungwa na nyumba za marehemu, kisha zinauzwa moja moja mbali na hapa kwa bei ambayo mjukuu wa mwimbaji hawezi kuimudu. Kanda za kaseti ndizo zilizofungua mlango huo: miaka ya 1980 kaseti, nyingi zikiwa za kunakiliwa bila haki, ziliua biashara ya santuri, na watu wakaziona sahani zao kuwa takataka.

Mwenye sahani za zamani nyumbani anaweza kufanya mengi kabla ya kuziuza. Karibu na lebo, pale ambapo mfereji wa sauti unaishia, kuna namba iliyochorwa kwenye sahani yenyewe. Namba hiyo ndiyo inayoonyesha rekodi ni ipi na mara nyingi ni toleo lipi, hata kama lebo imechanika. Iandikwe, ya pande zote mbili, pamoja na majina ya waimbaji na watunzi yaliyo kwenye lebo. Sahani zisimamishwe wima, zisilazwe moja juu ya nyingine. Za shelaki zisisafishwe kwa spiriti, kwa maana spiriti huyeyusha shelaki. Na iliyopasuka isitupwe: fundi mwenye kifaa kinachofaa anaweza kupata sauti hata kwenye sahani yenye ufa, na ile namba karibu na lebo bado inasomeka.