Steroli za mimea mwilini

Steroli za mimea ni viambato vya jamii ya mafuta vinavyoimarisha utando wa seli za mimea, kazi ambayo katika seli za wanyama hufanywa na kolesteroli. Mwili wa binadamu hauwezi kuzitengeneza. Zote huingia kwa njia ya chakula. Zinazopatikana zaidi ni sitosteroli, kampesteroli na stigmasteroli. Sitosteroli inaizidi kolesteroli kwa atomi mbili tu za kaboni, kampesteroli kwa moja. Tofauti hiyo ndogo inautosha mwili kuzitambua na kuzirudisha zilikotoka.

Vyanzo katika mlo wa Kibondo na Kasulu

Katika nyanda za juu za Kigoma, steroli hizi hutoka hasa kwenye mahindi, maharage, karanga, kisamvu na mawese. Ili kupata mawese, matunda ya mchikichi huchemshwa, hutwangwa na kukorogwa majini. Mafuta yanayoelea huenguliwa, kisha huchemshwa tena mpaka maji yakauke. Kwa kuwa steroli haziyeyuki majini, hupanda juu pamoja na mafuta. Kilo moja ya mawese ghafi huwa na miligramu 300 hadi 700, nyingi zikiwa sitosteroli. Mafuta ya mahindi huwa na zaidi ya miligramu 7,000 kwa kilo, lakini hukaa kwenye kiini cha punje. Mahindi yakikobolewa kwa ajili ya sembe, kiini na pumba huondoka; dona hubaki navyo. Kwa hiyo ugali wa dona kwa maharage humpa mlaji steroli nyingi kuliko ugali wa sembe.

Ufyonzwaji

Sehemu ya steroli za chakula huwa imeungana na asidi za mafuta. Vimeng'enya vya kongosho huzitenganisha, na chumvi za nyongo huzibeba hadi kwenye ukuta wa utumbo mwembamba. Hapo protini iitwayo NPC1L1 huziingiza ndani ya seli sawasawa na kolesteroli.

Mchujo huanzia ndani ya seli. Kimeng'enya ACAT2 huiunganisha kolesteroli na asidi za mafuta ili isafirishwe, lakini steroli za mimea huzigusa kwa shida. Zinazobaki husukumwa na protini mbili zinazofanya kazi pamoja, ABCG5 na ABCG8, zirudi kwenye uwazi wa utumbo. Matokeo yake, takribani nusu ya kolesteroli ya chakula hufyonzwa, ilhali kampesteroli kwa kawaida haifiki asilimia 5 na sitosteroli haifiki asilimia 2.

Ini na utoaji

Kiasi kidogo kinachopita husafiri kwenye limfu, huingia katika damu na kufika kwenye ini. ABCG5 na ABCG8 zipo hapo pia, nazo huzielekeza steroli kwenye nyongo. Kutoka huko hurudi utumboni, bakteria wa utumbo mpana hubadilisha sehemu yake, na nyingine hutoka na choo.

Athari kwa kolesteroli

Utumboni, steroli za mimea hugombea nafasi na kolesteroli, na hivyo kupunguza ufyonzwaji wake. Gramu 2 kwa siku hushusha kolesteroli ya LDL kwa karibu asilimia 8 hadi 10. Mlo wa kawaida katika nchi nyingi hutoa miligramu 200 hadi 400 tu, ndiyo maana athari hiyo hutafutwa kwa vyakula vilivyoongezewa.

Sitosterolemia

Mtoto akirithi kasoro ya jeni ya ABCG5 au ABCG8 kutoka kwa wazazi wote wawili, mchujo huharibika. Ugonjwa huu ulielezwa mara ya kwanza mwaka 1974 kwa dada wawili nchini Marekani. Dalili zake ni vinundu vya mafuta kwenye kano, hasa za kisigino na viwiko, na mishipa ya moyo kuziba mapema. Matibabu ni kupunguza mafuta ya mimea na karanga, pamoja na dawa ya ezetimibe inayoizuia NPC1L1. Vipimo vya kawaida vya maabara huhesabu steroli za mimea kama kolesteroli, hivyo mgonjwa huweza kudhaniwa ana ugonjwa mwingine wa kurithi. Mtoto mwenye vinundu hivyo na kolesteroli ya juu, ambaye wazazi wake wana kiwango cha kawaida, anastahili kupimwa steroli zenyewe kabla ya kuanzishiwa dawa ya muda mrefu.