Daftari za Mkonge

Mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Mingi ilikufa safarini. Iliyobaki hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani, ilikuwa 62. Takwimu hizo mbili hurudiwa kila historia ya Tanga inaposimuliwa, kwa kawaida ili kuonyesha jinsi utajiri mkubwa ulivyochipua kutoka kwenye miche michache. Zinaonyesha pia kwamba mkonge uliingia pwani hii ukiwa umeshahesabiwa, na kuhesabu huko hakukukoma. Kijana wa Mabawa, Tanga, anayeanza leo kujifunza kuunda modeli ya data kwenye jukwaa la data za kiwandani huambiwa kwamba fani yake ilizaliwa na kompyuta. Sikubaliani. Mashamba ya mkonge yaliifanya kazi hiyo kwa karatasi kwa miongo mingi, na anayeyachunguza atajifunza jambo ambalo vitabu vya programu hulipita haraka: kuunda modeli ni kuamua kipi kihesabiwe kuwa kitu kimoja, kifungamane na nini, na kipi kiachwe nje.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni kipande, yaani kadi ya kazi. Mwaka 1907 utawala wa Kijerumani wa Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, uliwagawia wanaume wa Usambara kadi zilizowalazimisha kumfanyia kazi Mzungu siku 30 katika kila miezi minne. Chini ya Waingereza kadi ya siku 30 ikawa desturi ya mashamba ya mkonge: mkataji akimaliza kipimo chake cha siku anatiwa alama, na alama 30 zikitimia analipwa, ilmradi zitimie ndani ya siku 42. Itazame kadi hiyo kwa jicho la mtu anayepanga data. Kinachohesabiwa si mtu, wala si tarehe ya kalenda, bali ni kipimo kilichokamilika. Kwa mwenye shamba ulikuwa mpango wenye akili, kwa sababu siku ya utoro haikumgharimu mshahara. Na mfanyakazi naye alipata nafasi ya kupumzika au kwenda kulima kwake. Lakini aliyekata nusu ya kipimo kisha homa ikamwangusha hakuwa na mahali pa kuandikwa. Kwenye karatasi, siku hiyo hakufanya kazi. Mke aliyelima chakula cha nyumbani hakuonekana kabisa, na mshahara ukapangwa kana kwamba kila mkataji ni kapera. Wale walioletwa kwa mkataba kutoka mbali, manamba, walitambuliwa kwanza kwa namba.

Atatokea msomaji aseme kwamba huo ulikuwa mkono wa dola na bwana shamba, na kuuita modeli ya data ni kuupamba unyonyaji wa watu. Pingamizi hilo ni zito, na sehemu yake ni kweli tupu: kadi ya 1907 ilikuwa shuruti. Hata hivyo shuruti haifiki shambani ikiwa wazo tu. Hupitia miraba 30 ya kadi, hupitia mnyapara mwenye kalamu, hupitia kanuni ya kwamba kipimo kisichotimia ni sawa na sifuri. Anayekataa kuiita data hujinyima uwezo wa kuonyesha ni mraba upi hasa uliomuumiza mkataji. Tena daftari si lazima liwe la dhuluma. Huko Amani, ambako Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti mwaka 1902 na Waingereza wakaiendeleza, na baadaye katika kituo cha Mlingano, Muheza, watafiti walichanganya aina za mikonge na kuipa miche yao namba zilizohifadhi nasaba yake. Mkonge hukaa miaka mingi kabla ya kutoa mlingoti wa maua na kumaliza maisha yake, kwa hiyo anayeanzisha jaribio anaweza kuhama kabla halijatoa jibu. Nasaba iliyoandikwa vizuri ndiyo inayomwezesha mwenzake kuendelea. Chotara mmoja bado anajulikana kwa namba yake, 11648. Majani anayotoa katika maisha yake ni zaidi ya mara mbili ya yale ya mkonge wa kawaida, na amepandwa hadi kusini mwa China.

Upungufu mkubwa wa daftari za mkonge ulikuwa kwingine. Biashara nzima ilipimwa kwa singa, yaani nyuzi za mkonge. Jani liliingia korona, mashine ya kulitoa nyuzi, singa zikaanikwa, zikapita brashi, zikafungwa robota, na hesabu ikaishia hapo. Mwaka 1964 nchi ilizalisha takriban tani 230,000 za singa, kilele ambacho hakijafikiwa tena. Singa ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani bichi; kwa uwiano huo, mabaki ya mwaka ule mmoja yalizidi tani milioni 5, maji na makapi yaliyomwagwa. Mabaki hayo yalitoka kwenye mashine ileile, saa ileile, na kila mtu alisikia harufu yake. Yalikosa jina katika hesabu, na kisicho na jina hakiombewi matumizi. Ilichukua hadi miaka ya 2000 ndipo mtambo wa biogesi ukajengwa katika shamba la Hale, Korogwe, kuzalisha umeme kutokana na mabaki hayo.

Kuna watakaosema kwamba karatasi na vihisi havilinganishwi, kwamba kiwanda cha leo hutoa vipimo vingi kwa sekunde kuliko alivyoandika karani maisha yake yote. Wingi huo haubadilishi mzizi wa kazi. Chukua bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani hapa Tanga. Mafuta yake yana nta na lazima yapashwe moto yasigande. Kipimo cha joto peke yake ni tarakimu yatima mpaka kifungwe kwenye kipande fulani cha bomba, kipande kwenye kituo cha pampu, na kituo kwenye kumbukumbu ya matengenezo. Anayeanza asikimbilie kumimina kila kipimo kwenye jukwaa. Achague swali moja la fundi wa zamu, kwa mfano ni pampu ipi inapoteza nguvu, avitaje vitu vichache ambavyo swali hilo linavigusa, aviunganishe, kisha amkabidhi fundi huyo mchoro wake na kumuuliza ni kitu gani anachokiona kila siku ambacho humo hakimo.