Mlalamiko wa Mgonjwa na Sikio la Serikali

Wahenga walinena: mficha maradhi kilio humfichua. Lakini mgonjwa aliyekwisha kuyafichua maradhi yake, asipotazamwa, amlilie nani?

Mwaka 1966 Tanzania iliunda Tume ya Kudumu ya Uchunguzi. Makamishna wake, chini ya Erasto Mang'enya, walizunguka wilayani kuwasikiliza raia walioonewa na watumishi wa serikali. Asiyejua kuandika alisema kwa kinywa chake. Mwaka 1971 Mwongozo wa TANU ukakemea kiburi cha viongozi. Hivyo kulalamika kukahesabiwa kuwa haki, si utovu wa adabu.

Hata hivyo Tume, ambayo nafasi yake ilichukuliwa mwaka 2001 na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ilipeleka taarifa kwa Rais tu. Haikuweza kutengua uamuzi. Tena ugonjwa wa ghafula haungoji safari ya kamishna.

Mwaka 2010 Hospitali ya Muhimbili ilifungua idara ya dharura ambamo mgonjwa hutangulizwa kwa uzito wa hali yake, si kwa zamu ya kufika. Utaratibu huo ni wa haki, lakini nao huzaa manung'uniko. Penye machimbo ya dhahabu, kama Kahama, mwenye homa aliyefika alfajiri aweza kumwona mchimbaji aliyefukiwa na kifusi akipitishwa mbele yake. Asipoelezwa sababu, atadhani pametolewa mlungula. Kwa hiyo kazi iliyopewa makamishna mwaka 1966 sasa yamwangukia kwanza muuguzi aliyesimama mlangoni.