Soli, Mawe na Maji ya Kuja

Kabla ya kununua buti za kuingia nazo mtoni, uliza kwanza zilitengenezewa mto gani. Kila soli unayoiona sokoni ilibuniwa kwa sababu watu waliteleza mahali fulani, na mara nyingi mahali hapo si kwetu.

Chukua Gogo Falls, kaunti ya Migori, ambapo Mto Kuja unaporomoka juu ya mawe ukielekea Ziwa Victoria. Mwaka 1983 mwanaakiolojia Peter Robertshaw alichimba karibu na hapo, akapata vigae vya vyungu, mifupa ya ng'ombe, ya wanyama wa porini na ya samaki. Yaani watu wamekuwa wakila samaki wa mto huu kwa maelfu ya miaka. Baadaye sana, wavuvi walijenga nyua na kutega migono mitoni kumsubiri ningu, samaki anayepanda mto wakati wa mvua ili atage. Kazi hiyo ilitaka usimame majini, na soli ilikuwa ngozi ya mguu. Si soli mbaya vile: vidole hupapasa jiwe kabla uzito haujafika.

Kisha likaja gari. Charles Goodyear alipata hataza ya kuimarisha mpira mwaka 1844, na John Dunlop akatengeneza tairi la upepo mwaka 1888. Tairi lilipochakaa huku kwetu, fundi alilikata kwa kisu, akapigilia kanda kwa misumari, tukapata akala. Kwa miiba na changarawe, akala haina mpinzani. Lakini mpira wa tairi ni mgumu kwa makusudi, ili udumu barabarani. Juu ya jiwe lenye ukoga wa kijani, ugumu huo ndio unaokuangusha.

Soli ya meno makubwa ina kisa chake. Mwaka 1935 wapanda milima sita walikufa katika milima ya Alps, Italia. Mwenzao Vitale Bramani alishika njia ya kutafuta soli bora, na kufikia 1937 alikuwa na soli ya mpira yenye meno, chanzo cha jina Vibram. Ukipanda Got Asego pale Homa Bay, au vilima vya Gwassi, hiyo ndiyo yako. Mtoni, meno hayo yanafaa kwenye tope. Kwenye jiwe laini lililolowa hayana cha kung'ata.

Wavuvi wa ng'ambo walijibu kwa felti, sufu iliyoshindiliwa kama zulia zito. Inapenya ukoga na kushika jiwe vizuri sana. Shida ni kwamba haikauki haraka, na vijidudu husafiri ndani yake kutoka mto mmoja hadi mwingine. Ndiyo maana New Zealand iliipiga marufuku mwaka 2008. Gugumaji halikuletwa na viatu, lakini yeyote aliyeona ghuba ya Homa Bay imefunikwa nalo anaelewa ubaya wa mgeni asiyealikwa.

Kwa hiyo, kama una pesa ya jozi moja tu ya mto na mlima, mimi ningechagua mpira laini, wenye nafasi ya kufunga vijimisumari vya chuma mtoni na kuvitoa ukianza kupanda. Ukiwa Nyatike, ambako Kuja ni tope, kaza kamba sana, maana tope hunyonya kiatu. Ukinunua mitumba, kunja soli kwa nguvu palepale: buti zilizokaa miaka kabatini hubomoka katikati hata kama meno bado ni mapya. Na ukitoka mto mmoja, osha buti zako na uzikaushe kabla ya kuingia mwingine.

Lakini kuna jambo ambalo soli haitatui. Kando ya ziwa hili kuna kichocho, na vimelea vyake huingia kupitia ngozi, si kupitia unyayo peke yake. Akala inaacha mguu wazi. Gambuti inasaidia mpaka maji yapite ukingo wake. Sisi wa wikendi tunaingia majini saa mbili, tunarudi Nairobi. Anayevuta nyavu ufukweni kila alfajiri husimama humo mwaka mzima. Anayehitaji kiatu kizuri zaidi ni yeye, na maduka ya vifaa vya kupanda milima hayakufunguliwa kwa ajili yake.