Mlango wa Kulipia: Kongo, Goma na Historia ya Mieleka ya Maonyesho

Pambano la ndondi la Muhammad Ali na George Foreman lilianza saa kumi alfajiri, tarehe 30 Oktoba 1974, katika Uwanja wa 20 Mei mjini Kinshasa. Goma, mashariki mwa nchi, ambako saa iko mbele kwa moja, kulikuwa kunakaribia kupambazuka. Saa hiyo haikuchaguliwa kwa raha ya Wakongo. Ilichaguliwa ili pambano liangukie usiku wa Marekani, ambako watu walikuwa wamekata tiketi na kuketi katika kumbi za sinema, wakiitazama Kinshasa kwa njia ya setilaiti. Serikali ya Rais Mobutu ndiyo iliyodhamini malipo ya dola milioni 5 kwa kila bondia, lakini wafanyabiashara walitegemea kuvuna milangoni mwa kumbi hizo za mbali.

Historia ya mieleka ya maonyesho, ile ambayo mtazamaji hulipia onyesho moja moja, husimuliwa kana kwamba ilizaliwa New York, ikakulia huko, kisha ikaletwa Afrika ikiwa imekomaa. Masimulizi hayo yana pengo. Kwa pambano hilo la 1974, Kongo imo katika mizizi ya biashara hii, na mji kama Goma, ulioko mbali na viwanja vikubwa, una nafasi yake katika historia hiyo.

Uhasama kama bidhaa

Kinachouzwa katika mieleka ya maonyesho ni uhasama: nani kamtukana nani, nani kamsaliti mwenzake, na lini watalipizana. Mshindi hupangwa mapema. Kazi ya wanamieleka ni kumfanya mtazamaji autamani mwisho huo hadi atoe pesa yake mwenyewe.

Ali aliuona ustadi huu mwaka 1961 mjini Las Vegas, akiwa na miaka 19, alipokutana na mwanamieleka Gorgeous George. Huyu alikuwa mtu wa majoho na nywele zilizopambwa, aliyejisifu bila haya, na kumbi zikajaa watu waliotaka kumwona akigaragazwa. Kijana yule alielewa kwamba anayechukiwa hulipiwa sawa na anayependwa, na tangu hapo majigambo yakawa sehemu ya kazi yake.

Alipofika Kinshasa miaka 13 baadaye, aliutumia ustadi huo kikamilifu. Foreman alikuwa bingwa wa dunia mwenye miaka 25. Mwaka uliotangulia alikuwa amemwangusha Joe Frazier mara sita katika raundi mbili. Ali alikuwa na miaka 32, na wengi walihofu angeumizwa vibaya. Lakini nje ya ulingo alikwisha kushinda. Foreman alikuja na mbwa wake mkubwa wa Kijerumani, na mbwa wa aina hiyo aliwakumbusha wenyeji polisi wa wakoloni wa Kibelgiji. Ali akawa mwana wa nyumbani, Foreman akageuzwa mgeni. Foreman alipochanika juu ya jicho mazoezini katikati ya Septemba, pambano likaahirishwa kwa wiki tano, na muda huo wote uhasama ukazidi kuiva. Tamasha la muziki lililokusudiwa kuandamana na pambano, lenye James Brown, Miriam Makeba, Franco na Tabu Ley, likafanyika peke yake mwezi huo wa Septemba. Usiku wenyewe ulipofika, uwanja mzima uliimba kwa Kilingala ukimtaka Ali ammalize mpinzani wake. Akammaliza katika raundi ya nane.

Ngumi zilikuwa za kweli. Lakini masimulizi yaliyozizunguka yalisukwa kwa ufundi wa wanamieleka, na umati wa Kinshasa ulikuwa mshiriki kamili katika kuyasuka.

Kutoka Kinshasa hadi WrestleMania

Kisha mieleka ikamdai Ali deni lake. Tarehe 26 Juni 1976 alipanda ulingoni mjini Tokyo kukabiliana na mwanamieleka wa Kijapani Antonio Inoki. Kwa raundi 15 Inoki alijilaza chini akimpiga mateke miguuni, na mwisho ikatangazwa sare. Onyesho halikuwafurahisha watazamaji, lakini lilirushwa katika kumbi za Marekani kwa mfumo uleule wa Kinshasa, na mapromota wa mieleka wakaona njia.

Miongoni mwao alikuwa Vince McMahon. Tarehe 31 Machi 1985 aliandaa WrestleMania ya kwanza katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Hulk Hogan na mwigizaji Mr. T walipambana na Roddy Piper na Paul Orndorff. Watu 19,121 walikuwa ukumbini, na zaidi ya milioni moja wakalipa kutazama katika kumbi nyingine. Mmoja wa waamuzi wa pambano kuu alikuwa Muhammad Ali.

Miaka miwili baadaye, Hogan alimwinua na kumbwaga André the Giant mbele ya umati ambao kampuni ya McMahon ilitangaza kuwa watu 93,173. Uhasama wao ulijengwa juu ya urafiki uliovunjika, na ukathibitisha kwamba watu watalipia maonyesho ya aina hii hata wakiwa sebuleni kwao. Yakafuata maonyesho mengine ya kila mwaka: Survivor Series, Royal Rumble, SummerSlam. Ufundi wa uandishi ulikuwa uleule. Ndugu wanageukana, mwanafunzi anampindua mwalimu, bosi anamwonea mfanyakazi wake. Mjini Montreal, Novemba 1997, mpaka wa mchezo na ukweli ulivunjika kabisa: Bret Hart alinyang'anywa mkanda katika pambano na Shawn Michaels kwa mwisho ambao yeye hakuambiwa, na jambo hilo bado linabishaniwa hadi leo.

Waafrika wa kubuni

Biashara hii ilipohitaji adui wa kutisha, mara nyingi ilimtafuta Afrika, tena Afrika ya kubuni. Mtazamaji wa Maziwa Makuu hawezi kumpita Kamala, aliyetangazwa kama jitu kutoka Uganda. Alivaa kinyago, akashika mkuki, akachorwa nyota na mwezi mwilini, na ikadaiwa aliwahi kuwa mlinzi wa Idi Amin. Jina lake halisi lilikuwa James Harris, mzaliwa wa jimbo la Mississippi. Uhusika huo ulianza mwaka 1982, miaka mitatu baada ya Amin kupinduliwa, wakati jina la Uganda lilikuwa bado linatumiwa kutishia watu. Mwaka 1992 uhasama wake na The Undertaker uliuzwa katika maonyesho mawili makubwa: SummerSlam katika uwanja wa Wembley, London, kisha Survivor Series, ambako aliyeshindwa alifungiwa ndani ya jeneza.

Harris alikuwa msanii hodari na anastahili heshima yake. Alifariki Agosti 2020. Kosa lilikuwa la waliouza picha hiyo, ya Mwafrika asiyesema wala kufikiri. Hata Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana, alipoanza kuonekana katika WWE, kampuni ya McMahon, mwaka 2008 alitambulishwa kama Mjamaika. Ilipofika WrestleMania ya Aprili 2019 alipanda ulingoni kama Mghana, akamshinda Daniel Bryan na kuwa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kutwaa ubingwa wa WWE.

Catch, ukumbi wa Wakongo wenyewe

Wakongo hawakungoja kuandikiwa hadithi. Mchezo wanaouita catch ulivuma Kinshasa miaka ya 1970, wakati jina la Kele Kele Lituka lilijulikana nchini kote. Baadaye likaja jina la Edingwe Moto na Ngenge, mwanacatch aliyepanda ulingoni na chatu na kupigana kwa nguvu za kiganga.

Hapo ndipo catch ya Kongo inajitenga na mieleka ya Marekani. Wapo wapiganaji wa ufundi, wanaotegemea misuli na mitego ya mwili, na wapo wa fetishi, wanaotegemea dawa. Mpiganaji wa fetishi anaweza kumpulizia mpinzani unga na kumfanya acheze bila kutaka, ausujudie ukuta, au alale usingizi katikati ya pambano. Kabla ya siku yenyewe wapiganaji hutembezwa mitaani juu ya magari, wamevaa vinyago, bendi ya matarumbeta ikitangulia na watoto wakifuata. Ulingo hujengwa kwa mbao mtaani kwenyewe.

Wageni wengi wameyaandika haya kama vituko. Ukitazama kwa makini utaona mjadala mzito uliowekwa jukwaani: je, mtu hushinda kwa bidii yake au kwa nguvu iliyojificha? Katika nchi ambayo watu wameshuhudia utajiri na mamlaka yakipatikana kwa njia zisizoonekana, swali hilo linawagusa watazamaji kuliko mkanda wa ubingwa.

Goma: kiingilio na sauti

Mashariki mwa nchi, mieleka iliingia hasa kwa njia ya kanda na vibanda vya video. Televisheni moja, jenereta nje kwa kuwa umeme wa shirika la SNEL hauaminiki, mabenchi ya mbao, ubao wenye ratiba ya siku na kijana anayekusanya faranga mlangoni. Hicho ndicho kibanda. Lakini ndicho pia mfumo wa mwaka 1974 uliogeuzwa upande: wakati ule Wamarekani walilipa mlangoni ili waitazame Kongo, sasa vijana wa mitaa ya Goma kama Birere, Majengo na Ndosho wanalipa mlangoni ili wawatazame Wamarekani. Biashara iliyoanza na kutazama kwa pamoja ilihamia majumbani katika nchi tajiri, ila hapa kwetu ilibaki ya watu wengi chumba kimoja. Uhasama wa Hogan au Undertaker, katika chumba kama hicho, huamuliwa pia na kelele za mabenchi.

Jambo la pili ni sauti. Katika nchi za jirani, wafasiri wa video waliziingiza filamu katika lugha ya nyumbani, Lufufu Tanzania na DJ Afro Kenya wakiwa mifano maarufu. Mjini Mukono, Uganda, Daniel Bumba, maarufu kwa jina la Bumbash, alikuwa akiisimulia mieleka kwa Kiganda kabla ya kuanzisha ligi yake mwaka 2023. Vijana wake hupigana ndani ya matope, ulingo ukiwa umezungushiwa nguzo na kamba, na video zao zimezunguka dunia. Aliyekuwa akisimulia uhasama wa wengine akaanza kuandika wake.

Goma ina sababu nzito zaidi za kutaka uwanja wa mapambano yasiyoua. Lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji Januari 2002, ikarudi kuutishia Mei 2021. Waasi wa M23 waliuteka mji Novemba 2012, kisha tena Januari 2025. Katika mji huo huo Balezi Bagunda, maarufu kama Kibomango, aliyewahi kuwa askari mtoto na kupoteza jicho moja, amewafundisha ndondi vijana wa kiume na wa kike, wengine wakiwa wametoka kwenye makundi ya silaha. Ulingo una mwamuzi, kengele na mwisho, na wapinzani hupeana mikono. Anayeyajua maisha ya Goma anafahamu uzito wa mambo hayo manne.

Kazi iliyobaki

Marekani imehifadhi maonyesho mengi ya mieleka kama hati. Catch ya Kongo imebaki zaidi katika kumbukumbu za wazee na picha za wapigapicha wa kigeni, na Goma hali ni mbaya zaidi kwa sababu karatasi na kanda hazistahimili lava wala uporaji. Makumbusho ya Taifa yaliyofunguliwa Kinshasa mwaka 2019 yanapaswa kuwa na chumba cha vinyago, mikanda na mabango ya catch, kando ya ala za muziki. Goma wapo wa kuanza nao: kituo cha utamaduni cha Yolé!Africa, ambacho kimewafundisha vijana kushika kamera, na kile cha Foyer Culturel. Warekodiwe wapiganaji na waamuzi, wenye vibanda na wapiga matarumbeta, na majina yao ya ulingoni yaandikwe pamoja na uhasama uliowapa majina hayo. Wengi wao bado wako hai. Kazi hiyo ifanywe sasa, kwa Kiswahili na Kilingala, na ifanywe na Wakongo wenyewe.