Rangi za Maji za Bukama

Historia ya uchoraji wa kisasa wa Kongo kwa kawaida huanzia Bukama, mji wa Katanga ulio kando ya mto Lualaba. Mwaka 1918 reli kutoka Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ilifika hapo, na Bukama ikawa mahali pa kuhamishia mizigo kati ya gari moshi na meli za mtoni. Mwaka 1926 Georges Thiry, ofisa wa serikali ya kikoloni ya Ubelgiji, alivutiwa na picha zilizochorwa kwenye kuta za nyumba za udongo. Baadhi yake zilikuwa za Albert Lubaki, mchonga pembe za ndovu.

Picha za ukutani hazikudumu: mvua ilizifuta, na nyumba ikikandikwa upya zilifunikwa. Thiry alimpa Lubaki karatasi na rangi za maji ili kazi yake ihifadhiwe. Mke wa Lubaki, Antoinette, naye alichora. Lubaki alichora wanyama, ndege, miti na watu katika shughuli zao. Hakujaza karatasi yote. Chui au mti husimama peke yake katika weupe, bila ardhi chini wala anga juu, kama ulivyokuwa umesimama ukutani.

Baadaye, huko Kasai, Thiry alikutana na Djilatendo, fundi cherehani wa Ibanshe, ambaye picha zake nyingi ni mapambo ya mistari na maumbo yanayojirudia. Kazi za wachoraji hawa zilipelekwa Brussels kwa Gaston-Denys Périer, mtumishi wa Wizara ya Makoloni, aliyezitafutia maonyesho. Picha za Lubaki zilionyeshwa Brussels mwaka 1929, kisha Geneva na Paris mwaka 1930. Mwaka 1931 za Djilatendo zilitundikwa Brussels pamoja na za René Magritte na Paul Delvaux.

Mpango huo ulitegemea watu wachache. Karatasi na rangi zilitoka kwa Wazungu, na picha zikarudi kwao. Bukama haikuwa na duka la sanaa wala wanunuzi wa kazi hizo. Msaada ulipokatika katika miaka ya 1930, majina ya wachoraji yalitoweka kwenye kumbukumbu.

Katanga ilipata karakana ya kudumu zaidi mwaka 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alipofungua Le Hangar mjini Élisabethville. Hapo walikuzwa Pilipili Mulongoy, mchoraji wa ndege na samaki, Mwenze Kibwanga, na Bela Sara aliyepaka rangi kwa vidole. Romain-Desfossés alipofariki mwaka 1954, karakana iliunganishwa na chuo cha sanaa kilichoanzishwa mjini humo na Laurent Moonens mwaka 1951, ambako Pilipili na Mwenze walifundisha. Picha za akina Lubaki na za Djilatendo zilionekana tena mbele ya umma mkubwa mwaka 2015, katika maonyesho ya Beauté Congo mjini Paris.