Ulizeni Kazi ya Mwisho: Kuhusu Madodoso ya Wafanyakazi wa Kujitegemea

Madodoso mengi yanayowahusu wafanyakazi wa kujitegemea, yaani waandishi, wafasiri, wasanifu wa michoro na watengeneza programu wanaoishi kwa mkataba mmoja mmoja, huwa na swali lile lile: "Je, unakabiliwa na changamoto zipi?" Chini yake huja visanduku vya kutia alama: malipo kuchelewa, ushindani, intaneti ghali, kukosa bima. Swali hilo hupima zaidi malalamiko yanayozunguka katika makundi ya WhatsApp kuliko hali halisi ya kazi. Na nani aulizwe changamoto zake akakosa la kusema? Muungwana hamnyimi mgeni anachokitafuta.

Hoja yangu ni kwamba dodoso liulize matukio, na lianzie kwenye kazi ya mwisho ambayo mhojiwa aliikabidhi, iwe imelipwa au haijalipwa. Aliipataje? Bei ilikubaliwa kabla ya kuanza? Mteja alidai marekebisho mangapi nje ya makubaliano? Iliwasilishwa tarehe gani, na fedha ziliingia lini? Kwa majibu hayo ucheleweshaji anauhesabu mtafiti mwenyewe, wala mhojiwa habebeshwi mzigo wa kuamua kama wiki tatu ni kuchelewa au ndiyo desturi ya soko. Ni kweli kwamba kazi ya mwisho ya mtu mmoja huenda ikawa ya ajabu ajabu. Za watu mia tano haziwezi kuwa za ajabu zote.

Ugumu wa kuuliza vizuri hauwasumbui wanafunzi wa uzamili peke yao. Mei 2017 ofisi ya takwimu za kazi ya Marekani iliongeza katika dodoso lake maswali manne mapya kuhusu kazi zinazopatikana kupitia tovuti na programu za simu. Maswali yalikuwa marefu, na katika pumzi moja yalibeba namna ya kumpata mteja na namna ya kulipwa. Wengi wakajibu "ndiyo" kwa sababu tu kazini kwao hutumia kompyuta. Ofisi ililazimika kuyapitia majibu na kuyalinganisha na maelezo mengine ya kila mhojiwa, ndipo ikatoa makadirio ya watu milioni 1.6, sawa na asilimia 1.0 ya wote wenye kazi. Dawa yake inajulikana, ila inachosha: kila swali libebe jambo moja, kisha watu wachache waulizwe kwanza huku wakieleza kwa sauti wameelewa nini.

Kipato kinahitaji uangalifu wa pekee. "Unapata kiasi gani kwa mwezi?" halifai kwa mtu aliyelipwa mara nne Machi na asilipwe kabisa Aprili. Isitoshe, fedha anazolipa mteja hazimfikii mfanyakazi zote. Hadi 2023 Upwork, tovuti inayowakutanisha wateja na wafanyakazi wa kujitegemea, ilikata asilimia 20 ya dola 500 za kwanza kutoka kwa kila mteja, kisha 10, kisha 5, kabla ya kuweka kiwango kimoja cha asilimia 10. Mkenya au Mtanzania huongeza hapo gharama ya kubadilisha dola na ya kuzitoa. Kwa hiyo yaulizwe mambo mawili mbalimbali: mteja alilipa nini, na mkononi kilifika nini. Mhojiwa akiruhusiwa kufungua ujumbe wa M-Pesa akajisomea mwenyewe, jibu litakuwa bora kuliko la kukisia. Kumbukumbu, kama wanatakwimu Neter na Waksberg walivyoonyesha mwaka 1964 katika utafiti wa matumizi ya kaya, huvuta matukio ya zamani na kuyaingiza ndani ya kipindi kinachoulizwa. Aliyedhulumiwa mwaka jana ataapa kuwa ilikuwa juzi.

Bado kuna kasoro ambayo ufundi wa kuuliza hauiponyi. Dodoso likisambazwa katika makundi ya wafanyakazi hawa, hujibiwa na waliosalia. Aliyeshindwa akarudi dukani kwa mjomba wake hayumo, ingawa ndiye ajuaye changamoto iliyomtoa. Basi kila mhojiwa aulizwe: kati ya wenzako ulioanza nao, wangapi wameacha, na unaweza kutuunganisha na mmoja wao kwa ridhaa yake? Sampuli itakayopatikana kwa njia hiyo haitawakilisha wote walioacha, na mtafiti hana budi kuyaripoti majibu yao peke yao, bila kuyachanganya na ya wale ambao bado wamo kazini.